Tuliza mvumo wa tarakilishi ulale vyema

Mtu akitaja kelele mjini, wengi hufikiria honi za matatu au muziki wa baa ya jirani. Ni wachache wanaoikumbuka tarakilishi iliyo pembeni mwa chumba, inayovuma kutwa kucha. Mvumo huo hauwezi kukutia uziwi, kwani sauti huanza kuhatarisha masikio inapofika takriban desibeli 85 kwa saa nane kila siku. Hata hivyo, si lazima kelele izibe masikio ndipo idhuru afya.

Mwaka wa 1999, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba kelele ya mfululizo katika chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Feni za tarakilishi zikizunguka kwa kasi hupita kiwango hicho kwa urahisi. Wanaoumia zaidi ni wale wanaoishi katika chumba kimoja au viwili, ambapo mmoja anafanya kazi usiku na mtoto amelala hatua chache tu kutoka hapo. Anayelala penye kelele hukatizwa usingizi mara kwa mara bila hata kufahamu, na asubuhi huamka mchovu na mwepesi wa hasira.

Kwa nini feni hupiga kelele?

Karibu umeme wote unaotumiwa na tarakilishi hugeuka kuwa joto. Feni huliondoa joto hilo, kwa hivyo usithubutu kuzing'oa. Dawa ni kuzizungusha kwa kasi inayotosha tu.

Ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, hewa inayosukumwa pia hupungua kwa nusu. Lakini kelele yake hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio husikia kama theluthi moja tu ya mvumo wa awali. Ndiyo maana feni kubwa inayozunguka polepole ni bora kuliko ndogo inayokimbia.

Fanya hivi

Kwanza, ondoa vumbi. Vumbi huziba njia ya hewa na kulazimisha feni kukimbia. Zima tarakilishi, chomoa waya wa umeme na uipeleke nje. Funika pua na mdomo, hasa ikiwa una pumu. Pangusa kwa brashi laini iliyo kavu, huku umezuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Usifungue kamwe kile kisanduku kinachopokea umeme kutoka ukutani. Huhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Pili, hesabu matundu kwenye plagi ya feni. Yakiwa manne, waya wa nne ndio unaopeleka amri ya kasi. Yakiwa matatu, kasi hupunguzwa kwa kushusha umeme kutoka volti 12. Feni nyingi hukubali volti 7, lakini kwa volti 5 baadhi hukataa kuanza kuzunguka.

Tatu, washa tarakilishi na ubonyeze Delete au F2 kabla ya Windows kufunguka. Tafuta sehemu ya feni, kisha upange kasi ifuate joto la prosesa. Kwa mfano, asilimia 40 joto likiwa chini ya nyuzi 50 za Selsiasi, asilimia 70 likifika nyuzi 70, na kasi yote likifika nyuzi 80. Ukiona nafasi ya kuchelewesha mabadiliko kwa sekunde chache, itumie. Sauti inayopanda na kushuka huudhi kuliko mvumo wa kiwango kimoja.

Nne, jaribu. Ipe tarakilishi kazi nzito kwa nusu saa huku ukitazama kipimo cha joto. Likibaki chini ya nyuzi 80, umefaulu. Likikaribia 90, ongeza kasi. Fanya jaribio hili siku ya joto kali; mpango unaofaa Nairobi mwezi wa Julai huenda usifae Mombasa mwezi wa Machi.

Ikiwa kelele inaendelea

Feni inayokwaruza au kulia imechakaa beringi, na kupunguza kasi hakutaiponya. Inunulie nyingine ya kipimo kilekile. Nayo meza ikitetemeka, kaza skrubu za kasha na uweke vipande vya mpira chini yake. Tarakilishi ya mapajani nayo isiwekwe juu ya blanketi, kwani hukosa hewa na feni yake huanza kukimbia.

Baada ya hayo yote, lala kitandani usikilize. Ikiwa bado unausikia mvumo, sogeza kasha mbali na kichwa chako. Na kazi ikiisha, izime kabisa, kwa maana hakuna feni tulivu kuliko iliyosimama.