Ndoo ya Kulamba kwa Kondoo Anayekaribia Kuzaa: Je, Inalipa?

Wafugaji wengi wa kondoo hapa Nyandarua hupandisha majike mwezi wa Oktoba na Novemba ili wana wazaliwe Machi na Aprili, mvua ndefu zinapoanza. Mpango huu ni mzuri kwa kuwa mama hunyonyesha wakati nyasi mbichi zimeota. Lakini una gharama yake. Kondoo hubeba mimba kwa siku 147 hadi 150 hivi, na wiki sita za mwisho za mimba huangukia kiangazi cha Februari na Machi, malisho yakiwa yamekauka.

Wakati huo ndipo maduka ya agroveti hujaa ndoo za chakula cha kulamba. Ni mchanganyiko mgumu wa molasi, madini, vitamini na mara nyingine protini, unaowekwa malishoni ili kondoo walambe wenyewe. Mfugaji huuliza: je, ninunue? Somo hili linakusaidia kujibu kabla hujatoa pesa mfukoni.

Kinachotokea tumboni

Karibu asilimia 70 ya ukuaji wa mwanakondoo aliye tumboni hutokea katika wiki sita za mwisho. Kiwele nacho huwa kinajengwa na dang'a, yaani maziwa ya kwanza, inatengenezwa. Mahitaji ya mama yanapanda, ilhali tumbo la uzazi linabana nafasi ya chakula. Mwenye mapacha hubanwa zaidi.

Asipopata nguvu ya kutosha, mama huanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake. Yakiyeyuka kwa kasi, hupata ugonjwa wa mimba ya mapacha. Hujitenga na wenzake, huacha kula, hutembea kama asiyeona, huyumba na mwishowe hulala asiinuke. Hata asipougua, huzaa mwana mdogo na dhaifu, na dang'a huwa haba. Katika baridi ya usiku ya Kinangop, mwana kama huyo mara nyingi hafiki asubuhi.

Ndoo inatoa nini hasa?

Kondoo wa kilo 50 hula kama kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu ya chakula kikavu kwa siku. Kwenye ndoo, kwa kawaida hulamba gramu 50 hadi 150 tu. Kwa hiyo hata akilamba gramu 100, hiyo haifiki sehemu moja ya kumi ya mlo wake. Ndoo ni nyongeza, na haiwezi kuchukua nafasi ya nyasi.

Hata hivyo, nyongeza hiyo ina kazi yake. Nyasi zilizokauka zina protini kidogo, na vijidudu vya tumboni vinavyosaga chakula hudhoofu vikikosa protini. Ndoo yenye protini huvipa nguvu, na kondoo huweza kula na kumeng'enya nyasi kavu nyingi zaidi. Pia huleta madini ambayo huenda ardhi yako haina. Tangu enzi za ukoloni, baadhi ya maeneo ya Bonde la Ufa, hasa kando ya Nakuru, yanajulikana kwa upungufu wa kobalti, na mifugo ya huko hukonda hata penye nyasi.

Udhaifu wa ndoo ni kwamba hailambwi kwa usawa. Kondoo wakali huizunguka na kushiba, na mpole au mgonjwa husimama pembeni. Mara nyingi huyo wa pembeni ndiye uliyemnunulia.

Anza na mkono wako

Wiki nane kabla ya kuzaa, shika kila jike mgongoni, nyuma kidogo ya ubavu wa mwisho. Usiangalie kwa macho tu, kwa maana manyoya huficha mengi. Kisha linganisha na mkono wako mwenyewe:

- Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo. Mgongo ukihisi hivyo, kondoo amekonda.
- Nyoosha kiganja, pitisha kidole nyuma ya mkono juu ya vifundo. Mfupa unahisika ukibonyeza kidogo. Huyo yuko sawa.
- Bonyeza nyama iliyo chini ya kidole gumba. Ukihisi hivyo na huupati mfupa, amenenepa kupita kiasi, naye pia yumo hatarini kupata ugonjwa wa mimba ya mapacha.

Watie rangi au alama, uwagawe makundi mawili: walio sawa upande mmoja, na waliokonda pamoja na wale wenye historia ya kuzaa mapacha upande wa pili.

Tupige hesabu

Bei hapa ni za mfano tu. Weka za soko lako. Tuchukue mfugaji mwenye majike 20 wenye mimba.

Njia ya kwanza: ndoo kwa wote. Kila mmoja akilamba gramu 100, kundi linamaliza kilo 2 kwa siku. Ndoo ya kilo 20 inaisha kwa siku 10. Kwa siku 42 zinahitajika kilo 84, yaani ndoo nne na kidogo. Ndoo ikiwa shilingi 3,000, gharama ni shilingi 12,600, sawa na shilingi 630 kwa kila jike.

Njia ya pili: chakula kwa wanaohitaji. Mkono umeonyesha kwamba 8 kati ya 20 ni wakondefu au hubeba mapacha. Hao 8 wanapewa gramu 400 za mchanganyiko wa pumba kila siku. Kwa siku 42 ni kilo 134 na nusu hivi. Kilo ikiwa shilingi 35, ni kama shilingi 4,700. Wote 20 wanapewa madini ya kondoo, gramu 10 kila mmoja kwa siku, jumla kilo 8.4. Kilo ikiwa shilingi 150, ni shilingi 1,260. Jumla haifiki shilingi 6,000.

Nyasi kavu zinahitajika katika njia zote mbili. Njia ya pili inadai kazi zaidi, lakini chakula kinamfikia mlengwa. Jiulize pia: mwanakondoo akiuzwa shilingi 6,000, ndoo za shilingi 12,600 lazima ziokoe zaidi ya wanakondoo wawili ambao wangekufa ndipo zirudishe pesa. Kwa kundi lililo sawa kimwili, hilo ni gumu.

Wakati ndoo inafaa

- Kuna nyasi kavu nyingi, lakini hazina ubora.
- Kondoo wako sawa kimwili, na unataka wasishuke.
- Malisho yako mbali, na huna mtu wa kugawa chakula kila siku.

Wakati ndoo haifai

- Nyasi mbichi zipo na kondoo wako sawa. Madini ya kawaida yanatosha.
- Hakuna nyasi kabisa. Nunua hei kwanza. Ndoo mahali pasipo nyasi ni kumpa mtu chumvi bila ugali.
- Kondoo wamekonda kwa sababu ya minyoo. Mayai ya minyoo huongezeka sana kwenye kinyesi cha mama karibu na kuzaa, kwa hiyo muulize afisa wa mifugo kuhusu dawa salama kwa mwenye mimba.
- Kondoo tayari anaugua. Anayeyumba au aliyeacha kula anahitaji daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Tahadhari tatu

Kwanza, shaba. Mwili wa kondoo huhifadhi shaba kwenye ini hadi inageuka sumu. Madini na ndoo za ng'ombe zina shaba nyingi mno kwake. Dalili ni macho na ufizi wa manjano, mkojo mweusi, na kifo cha ghafla. Soma lebo, na usinunue isiposema wazi kwamba ni ya kondoo.

Pili, yurea. Ndoo nyingine huwekwa yurea ili kuongeza protini. Kondoo mwenye njaa akiilamba kwa pupa, au akanywa maji ya mvua yaliyotuama juu yake, anaweza kufa. Walishe nyasi kwanza, weka ndoo chini ya paa na hakikisha wana maji safi.

Tatu, usibadilishe mlo ghafla. Anza pumba na gramu 100, ongeza polepole kwa muda wa wiki mbili. Nafaka nyingi kwa siku moja huchachua tumbo. Na viazi vilivyogeuka kijani au kuchipua, ambavyo havikosekani katika mashamba yetu, visipewe mifugo.

Ukishainunua

Weka ndoo moja kwa kondoo 20 hivi, na hamisha mahali pake mara kwa mara. Ipime kwa mizani kila wiki. Kilo zilizopungua, gawanya kwa idadi ya kondoo na kwa siku 7, utajua kila mmoja analamba kiasi gani kwa wastani. Kisha simama dakika chache uangalie nani haji. Huyo mtenge umlishe peke yake.

Mwana akizaliwa, hakikisha ananyonya dang'a ndani ya saa mbili. Anahitaji kama mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 4 anahitaji mililita 200 mara hiyo ya kwanza. Endelea kumlisha mama vizuri, kwa kuwa maziwa hufikia kilele wiki ya tatu au ya nne baada ya kuzaa. Wengi hukatiza chakula mara tu mwana anapotua, na hapo ndipo hasara huanzia.

Kazi ya nyumbani

1. Hesabu majike wenye mimba na uandike tarehe dume alipoingia kundini. Ongeza siku 147.
2. Washike mgongo wote na uwagawe makundi mawili.
3. Gawanya bei ya ndoo kwa kilo zake. Fanya hivyo kwa pumba na kwa madini, kisha linganisha.
4. Nenda na karatasi hiyo kwa afisa wa mifugo wa wadi yako kabla ya kwenda dukani. Huduma za mifugo ni jukumu la serikali ya kaunti chini ya Katiba ya 2010, na ushauri huo ni haki yako.