Kamera ndani ya bomba la majitaka

Swali: Bomba la majitaka la nyumba iliyo Meru au Embu huziba kila mara. Je, kamera inaweza kuonyesha chanzo bila ua kuchimbwa?

Jibu: Inaweza, mradi bomba lipitike. Kamera ndogo isiyoingia maji, yenye taa, hufungwa kwenye kebo ngumu na kusukumwa kupitia shimo la ukaguzi. Picha huonekana papo hapo kwenye skrini, na urefu wa kebo iliyoingia huonyesha umbali wa hitilafu. Baadhi ya kamera hutoa mawimbi yanayonaswa juu ya ardhi, hivyo fundi huchimba mahali pamoja tu.

Hitilafu za kawaida ni mafuta ya jikoni yaliyoganda, viungo vilivyoachana, bomba lililobonyea na mizizi ya miti kama mkalitusi inayofuata unyevu kwenye nyufa. Bomba lililojaa maji machafu halionyeshi kitu. Sharti lizibuliwe na kuoshwa kwanza.

Kwa nyumba zisizounganishwa na mtandao wa majitaka wa mji, kamera hukagua mabomba ya kuingia na kutoka kwenye tangi la majitaka la nyumba. Tangi lenyewe hunyonywa kwanza na gari la majitaka, kisha kuta zake hukaguliwa kutoka juu. Mtu asiingie humo: gesi ya haidrojeni salfaidi huua haraka, na methani hulipuka.

Kamera haithibitishi kuvuja kwa nyufa ndogo. Hapo bomba hujazwa maji na kina cha maji hayo kupimwa kuona kama kinashuka.