SOMO: KOMPYUTA ZA CHAMA ZINAPOACHA KUWASILIANA

Chama cha msingi chenye kompyuta mbili, moja kwa karani wa mizani na nyingine kwa mhasibu, huziunganisha ili uzito ulioandikwa ghalani usomwe papo hapo ofisini. Muungano huo huitwa mtandao wa ndani. Hauhitaji intaneti, huhitaji swichi, nyaya, na anwani kwa kila kompyuta.

Kuunganisha

Kila kompyuta hupata waya wake kutoka kwenye swichi, usiozidi mita 100. Kisha hupewa anwani ya tarakimu. Kwa mfano, mhasibu 192.168.1.10 na karani 192.168.1.11. Palipo na ruta, kwa kawaida yenyewe ndiyo hugawa anwani. Anwani zote ziandikwe katika daftari la ofisi.

Mawasiliano yakikatika

Karani asianze kubadili mipango ya kompyuta. Achunguze kwa utaratibu, akianzia chini:

1. Waya. Taa ndogo penye tundu la waya isipowaka, huenda waya umechomoka au umekatika, au swichi haina umeme. Ajaribu waya mwingine ulio mzima.

2. Anwani. Katika Windows, amri ya ipconfig huionyesha. Ikianza na 169.254, kompyuta imekosa anwani ikajipa yenyewe. Kompyuta mbili zisitumie anwani moja.

3. Mwitikio. Aandike ping 192.168.1.10. Jibu likirudi, njia ni nzima. Kasoro itafutwe katika ruhusa za kusoma majalada. Lisiporudi ilhali hatua mbili za kwanza ni sawa, huenda programu ya ulinzi inazuia. Hapo fundi aitwe.

Hatari iliyo kubwa zaidi

Mtandao ukikatika, baadhi ya makarani hunakili hesabu kwenye flashi na kuendelea kuandika huko, huku mhasibu akiandika katika ile ya zamani. Hapo chama huwa na hesabu mbili, na mkulima aliyeleta kahawa Jumanne huonekana katika moja tu. Siku ya malipo hukosa jina, na lawama huiangukia Halmashauri. Njia iliyo salama ni kuandika stakabadhi kwa mkono, nakala moja apewe mkulima, kisha zote ziingizwe kwa mfuatano wa namba mtandao urudipo.

Maswali ya kujadiliwa

(a) Daftari la anwani za kompyuta za chama chenu liko wapi?
(b) Je, kitabu cha stakabadhi za mkono kipo ghalani leo?