Kuunga kwa Muda Kabla ya Gundi: Funzo Kutokana na Kielelezo cha DNA

Katika matayarisho ya maonyesho ya sayansi shuleni, aghalabu hutokea jambo la kusikitisha. Wanafunzi hukata vipande vya kielelezo kwa uangalifu, huvigandisha kimoja baada ya kingine, na kipande cha mwisho kinapofikishwa mahali pake hakiingii. Gundi imekwisha kukauka, na kubandua ni kupasua. Kazi ya majuma mawili hutupwa. Au, jambo lililo baya zaidi, kipande hicho hupunguzwa ili kiingie kwa nguvu, na kielelezo husimama mezani kikiwafundisha watazamaji kosa.

Kosa lenyewe si ukataji. Hakuna mkono usiokosea milimita moja. Kosa ni kuruka hatua ya kuvishikanisha vipande vyote kwa muda, bila gundi, ili kuona kama vinakubaliana. Seremala huijua vyema hatua hii. Huchomeka ulimi wa mbao katika tundu lake, hutazama, huutoa, huchonga kidogo na kuurudisha, ndipo atie gundi. Katika sayansi hatua hiyo ina faida nyingine kubwa zaidi, nayo ni kumwezesha mjenzi kugundua kwamba wazo lake lenyewe lina kasoro.

Kisa cha Cambridge

Mwishoni mwa mwaka 1951, katika Maabara ya Cavendish huko Cambridge, Uingereza, James Watson na Francis Crick walijenga kielelezo chao cha kwanza cha DNA, molekuli inayobeba urithi wa viumbe. Kilikuwa na minyororo mitatu, na fosfeti ziliwekwa katikati. Rosalind Franklin, mtaalamu wa picha za eksirei kutoka King's College, London, alipokitazama alieleza kwamba hakiwezi kuwa sahihi: DNA huchukua maji mengi, na fosfeti, ambazo huvutana na maji, zapasa kuwa nje. Kielelezo hicho kikaachwa.

Kazi iliporudiwa mwanzoni mwa mwaka 1953, habari zilikuwa zimeongezeka. Palikuwa na vipimo vilivyotokana na kazi ya Franklin, pamoja na picha iliyopigwa mwaka 1952 na mwanafunzi wake, Raymond Gosling. Picha hiyo Watson alionyeshwa na Maurice Wilkins bila Franklin kujua. Tena, Erwin Chargaff alikuwa ameonyesha kwamba katika DNA kiasi cha adenini hukaribia kuwa sawa na cha thimini, na cha guanini sawa na cha sitosini. Swali lililobaki lilikuwa hili: je, besi hizo nne, zisizolingana kwa ukubwa, zakaaje kati ya minyororo miwili bila kuipinda?

Besi za bati zilizoagizwa karakana zilikuwa bado hazijawa tayari. Watson akakata maumbo ya besi kwa karatasi ngumu. Kwanza aliiweka kila besi pamoja na ya namna yake, lakini mpango huo haukufaa: besi zenye pete mbili zikikabiliana, upana huzidi, zenye pete moja zikikabiliana, upana hupungua. Isitoshe, mkemia Jerry Donohue alimweleza kwamba maumbo ya guanini na thimini aliyoyanakili vitabuni yalikuwa na atomu ya haidrojeni mahali pasipo pake.

Tarehe 28 Februari 1953, akiwa na maumbo yaliyosahihishwa, Watson alivisogeza vipande mezani huku na huku. Hatimaye aliona kwamba adenini ikiungana na thimini, umbo linalopatikana lina upana ule ule wa guanini ikiungana na sitosini. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu vipande vilikuwa huru, na jozi isiyofaa ilivunjwa pasipo hasara. Baadaye vipande vya chuma vilishikwa kwa fito na vibano, na nafasi za atomu zikapimwa kwa timazi na kijiti cha kupimia. Makala ya ugunduzi huo yalichapishwa katika jarida la Nature tarehe 25 Aprili 1953.

Hata hivyo, mwanafunzi asidhani kwamba vipande vikiingiana basi ukweli umethibitika. Kielelezo cha mwaka 1951 nacho kiliwaridhisha wajenzi wake. Kilichokikataa ni vipimo vya mtu mwingine. Franklin alifariki mwaka 1958, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1962 walipewa Crick, Watson na Wilkins. Wajibu wa kumtaja kila anayetoa vipimo ni sehemu ya funzo hili.

Zoezi la darasani

Skeli itakayotumika ni nanomita 1 kwa sentimita 10, yaani kukuza mara 100,000,000. Upana wa DNA, nanomita 2, utakuwa sentimita 20. Mzunguko mmoja, nanomita 3.4, utakuwa sentimita 34. Kwa hesabu ya darasani, mzunguko mmoja una jozi 10; hivyo kila jozi huwa juu ya mwenzake kwa sentimita 3.4, nayo hugeuka kwa nyuzi 36.

1. Kata fito 11 za karatasi ngumu, kila mmoja sentimita 20. Hizi ndizo kipimo cha upana.

2. Kata vipande virefu 11 vya sentimita 12 kuwakilisha adenini na guanini, na vifupi 11 vya sentimita 8 kuwakilisha thimini na sitosini. Urefu huu umechaguliwa kurahisisha zoezi.

3. Laza vipande viwili viwili juu ya ufito na kuvibana kwa vibanio vya nguo. Virefu viwili vitazidi kwa sentimita 4. Vifupi viwili vitapungua kwa sentimita 4. Kirefu na kifupi vitaenea sawasawa.

4. Toboa kila ufito katikati, uupitishe katika fimbo nyembamba iliyonyooka yenye urefu wa sentimita 45. Zungusha mpira mwembamba wa kufungia chini ya kila ufito ili usishuke.

5. Unga ncha za fito kwa uzi, kwa fundo linalofunguka kwa kuvutwa.

Sasa kielelezo na kikaguliwe na kikundi kingine, si wale waliokijenga. Ufito wa 11 wapasa kuwa juu ya ule wa kwanza barabara. Ikiwa kila hatua imegeuzwa kwa nyuzi 38 badala ya 36, hakuna jicho litakaloona tofauti kati ya fito mbili. Lakini baada ya hatua 10 kosa litakuwa nyuzi 20. Kadhalika, nafasi ikizidi milimita 2 tu kila mara, mzunguko utakuwa na sentimita 36. Ziada hiyo ni sawa na nanomita 0.2 katika molekuli, ambayo ni zaidi ya urefu wa bondi moja ya kaboni na kaboni, yaani nanomita 0.154. Makosa madogo hujumlishana, na jumla yake haionekani mpaka vipande vyote vishikanishwe pamoja.

Kosa likipatikana, fungua, sahihisha, funga tena. Gundi na itumike pale tu ambapo ukaguzi wa pili haukuonyesha kasoro.

Maswali

1. Kwa nini jozi ya besi mbili zenye pete mbili haifai katika kielelezo hiki?

2. Kila nafasi ikipungua milimita 1, mzunguko mmoja utakuwa na urefu gani? Tofauti hiyo ni nanomita ngapi katika molekuli?

3. Taja ushahidi mmoja ambao kielelezo pekee, hata kikiungana vizuri, hakiwezi kuutoa.