"Juu" Ipi? Kumbukumbu za DOS na Tatizo la Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Istilahi hupimwa kwa kazi. Mwanafunzi akisoma maelekezo na kuyatekeleza bila kupotea, istilahi zimefaulu. Makala haya yanachunguza neno moja, "juu", katika somo la kupanga kumbukumbu za kompyuta za DOS, na yanapendekeza istilahi mbili kutokana na mazingira ya Kombani, Kwale.

Kiini cha tatizo

Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilitumia kichakataji 8088, kilichofikia megabaiti 1 tu, yaani kilobaiti 1,024. Kilobaiti 640 za mwanzo ziliachiwa DOS na programu. Zilizosalia, 384, zilitengewa kadi ya skrini na maunzi mengine, lakini ndani yake mlibaki mapengo. Vichakataji vilivyofuata, kuanzia 80286, vilivuka mpaka wa megabaiti 1, na DOS iliweza kutumia takribani kilobaiti 64 za mwanzo baada ya mpaka huo.

Kiingereza huliita eneo la mapengo "upper" na lile la baada ya mpaka "high". Mfasiri wa neno kwa neno huyaita yote mawili "kumbukumbu ya juu". Kiingereza chenyewe hakijasalimika: amri ya DEVICEHIGH hupeleka viendeshaji katika eneo la "upper", si la "high".

Pendekezo: keria na ng'ambo

Kombani ni njia panda: barabara ya kwenda mji wa Kwale huachana hapo na ile ya Ukunda na Lunga Lunga. Gari lenye keria hupakiwa magunia juu ili abiria wapate nafasi ndani. Abiria ni programu, mizigo ni viendeshaji vya maunzi. Kwa hiyo eneo la mapengo liitwe "kumbukumbu ya keria". Nalo eneo la baada ya megabaiti 1 liitwe "kumbukumbu ya ng'ambo", kwa kuwa msafiri wa kivuko cha Likoni anajua maana ya kuvuka mpaka kabla ya kuendelea na safari.

Utaratibu

Kuanzia toleo la 5 la DOS (1991), katika kompyuta yenye kichakataji 80386 au cha baadaye, faili la CONFIG.SYS liliandikwa hivi:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS
DOS=HIGH,UMB
DEVICEHIGH=C:\DOS\ANSI.SYS

Mstari wa kwanza hufungua kivuko. Wa pili hufunga keria, kwa kujaza mapengo kwa kumbukumbu iliyotolewa ng'ambo. Wa tatu una maagizo mawili: HIGH huvusha sehemu ya DOS ng'ambo, UMB huiruhusu DOS kutumia keria. Wa nne hupakia mzigo. Mpangilio haupinduliwi, kwani mzigo haupandishwi kabla keria haijafungwa.

Hapa ndipo gharama ya istilahi mbovu huonekana. Mwanafunzi anayeamini kuwa "juu" ni moja ataandika DOS=HIGH pekee na kuridhika. DOS itavuka, lakini viendeshaji vitabaki chini vikibana programu, wala kompyuta haitatoa onyo lolote. Ndivyo pia inavyokuwa mzigo usipoenea kwenye keria: hurudishwa kimyakimya katika nafasi ya abiria. Katika jambo hili ulinganisho una kikomo, maana keria ya gari huonekana kwa macho, ilhali hii hukaguliwa kwa amri ya MEM /C.

Hitimisho

DOS imekwisha kupisha mifumo mingine, lakini funzo lake halijapitwa na wakati. Mwundaji wa istilahi hana budi kuelewa kitu kinavyofanya kazi kabla ya kukipa jina. Asipofanya hivyo, Kiswahili hurithi mkanganyiko wa lugha chasili na kuongeza wake. Lugha iliyokwisha kutofautisha keria na ng'ambo haina upungufu wa maneno. Kinachohitajika ni mtaalamu wa lugha kukaa na fundi, wakaikagua kazi pamoja.