UVIMBE WA TAYA KWA WATOTO

Leo tutasoma habari za uvimbe wa taya, na za daktari aliyetafuta asili yake. Uvimbe huu ni aina ya saratani. Saratani ni ugonjwa wa sehemu ya mwili kukua ovyo bila kukoma. Watoto nao huupata, ingawa si wengi.

Daktari huyo aliitwa Denis Burkitt. Alizaliwa Ireland mwaka 1911. Alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Hata hivyo alikuwa daktari wa upasuaji, akafanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, Uganda.

Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini. Burkitt hakuujua ugonjwa ule. Muda mfupi baadaye alikwenda hospitali ya Jinja. Alipochungulia dirishani alimwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule ule. Mbona wawili?

Akapekua kumbukumbu za hospitali, akakuta wengi. Wengine walikuwa na uvimbe tumboni pia. Akapeleka barua na picha katika hospitali nyingi za Afrika, akauliza kama wanawaona watoto wa namna hii. Kila jibu alilitia alama kwenye ramani.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu. Walisafiri wiki kumi, karibu kilomita 16,000. Walipita Tanganyika, wakapita na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, nchi ya ng'ambo ya ziwa letu. Kila hospitali waliuliza: watoto hawa wanatoka wapi? Huo ndio utafiti. Watu hudhani utafiti ni mashine kubwa tu. Burkitt alikuwa na ramani, gari na swali.

Waliona kwamba uvimbe huu ni wa mahali penye joto na mvua. Karibu na Ikweta, watoto wa mahali palipopita mita 1,500 hawakuwa nao. Kusini zaidi, ambako baridi huanza chini zaidi, mpaka huo ulishuka. Fikiri juu ya kwetu. Umatengo kuna milima ya kahawa na baridi. Pwani ya Nyasa, kuanzia Mbamba Bay hadi Liuli, kuna joto, kuna usipa, na mbu wapo. Lakini usiseme mtoto wa milimani hawezi kuugua.

Mwaka 1964 wataalamu waliofanya kazi Uingereza, Epstein, Achong na Barr, waliona kirusi ndani ya uvimbe huo. Kirusi hicho huingia kwa watu karibu wote, na wengi hawadhuriki. Ila mtoto anayeugua malaria mara kwa mara hudhoofika kinga, ndipo uvimbe hupata nafasi. Saratani yenyewe haiambukizi. Mtoto mgonjwa asitengwe.

Burkitt alikuwa mtu wa kisu, lakini kisu kilishindwa. Ndipo akajaribu dawa za saratani. Kwa watoto wengine uvimbe ulinywea katika siku chache. Leo watoto wengi hupona, wakifika mapema na kumaliza dawa zote. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ina wodi ya watoto wenye saratani.

Shida ni kuchelewa. Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Meno hulegea, na wazazi hudhani ni jino bovu. Hata sisi wa zahanati huweza kudhani hivyo. Jino hung'olewa, uvimbe unabaki, na wiki zinapotea. Wengine huenda kuchanjwa chale kwanza.

Kwa hiyo mtazame mwanao. Ukiona taya, tumbo au jicho linavimba haraka, usingoje mavuno wala siku ya gulio. Nenda zahanati, uombe barua ya kwenda hospitali. Mwambie mganga siku uvimbe ulipoanza, na mahali mtoto alipokuwa akiishi.