SOMO LA AFYA: Safari ya Mgonjwa wa Kijijini

Katika somo la mwezi huu twapenda tuangalie jambo ambalo sisi wa Mbezi Luis twaliona karibu kila siku, lakini hatulitafakari. Tangu mwaka 2021, stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilipohamia hapa kwetu kutoka Ubungo, wagonjwa wa vijijini hushukia mlangoni petu. Huwatambui kwa shida. Mzee ameshikwa mkono na kijana, mama amebana kwapani bahasha kubwa ya picha za eksirei, na wote wanauliza gari la Muhimbili ni lipi. Wengine huuliza Ocean Road, wengine Mloganzila. Basi tujiulize: kwa nini mtu asafiri siku nzima au usiku kucha ili amwone daktari?

Sehemu ya jibu ni nyepesi. Yako maradhi yanayohitaji mitambo mikubwa na mabingwa wachache, wala haiwezekani kuviweka katika kila wilaya. Safari ya namna hiyo hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni na ile safari ambayo isingekuwapo kama mgonjwa angalihudumiwa mapema karibu na kwake. Tuchukue saratani ya mlango wa kizazi. Dalili zake za awali huweza kugunduliwa hata katika kituo cha afya: muuguzi hupaka siki nyepesi, hungoja dakika moja hivi, kisha hutazama kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Ikionekana, hutibiwa kabla haijawa saratani. Tena wasichana wetu wanapewa chanjo ya kuikinga tangu mwaka 2018. Lakini mama asiyefikiwa na muuguzi huyo hungoja mpaka damu imtoke, na ndipo apande basi kuja Ocean Road. Hapo hakuna siki tena.

Tukumbuke tulikotoka. Kwa muda mrefu tiba ya kisasa vijijini ilitegemea sana misheni. Kanisa letu lina sehemu yake katika habari hiyo: Mvumi na Kilimatinde kule kati ya nchi, Berega mkoani Morogoro, Liuli kando ya Ziwa Nyasa, Muheza, Murgwanza huko Ngara. Daktari Leader Stirling alifika mwaka 1935 pamoja na misheni ya UMCA, akafanya kazi Lulindi upande wa Masasi, akipasua wagonjwa katika majengo ya kienyeji na kuwafundisha vijana wa huko uuguzi. Baadaye alichukua uraia wa nchi hii, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamfanya Waziri wa Afya, kazi aliyoishika mpaka 1980. Yafaa tuliangalie jambo hilo: mtu aliyeijua zahanati ya porini ndiye aliyepewa wizara.

Wakati huo Serikali ilikuwa imekwisha kugeuza macho. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa kuanzia 1972, mkazo ulihamishwa kutoka hospitali kubwa za mijini kwenda kwenye zahanati na vituo vya afya vijijini, pamoja na mafunzo ya waganga wasaidizi vijijini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wetu wanaikumbuka! Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo juu ya malaria, kuhara, kichocho, safura na kifua kikuu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Mkutano wa dunia wa Alma-Ata uliofanyika 1978 ulitangaza kwamba afya ya msingi ndiyo njia, nasi tulikuwa tumekwisha kuianza. Hilo twaliandika kwa fahari kidogo, wasomaji watuwie radhi.

Haikudumu ilivyotazamiwa. Uchumi ulianguka, dawa zikawa haba, na mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama. Mwaka 2007 ukaja mpango wa MMAM ukiwa na shabaha ya zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata na hospitali kila wilaya. Majengo mengi yamesimama tangu hapo, na wananchi wengi walibeba mawe na mchanga wenyewe. Lakini kuta hazitibu. Panatakiwa muuguzi anayekaa pale, mwenye nyumba ya kuishi na shule ya watoto wake. Wapo vijana wetu waliosomea uuguzi ambao wakipangiwa kijiji cha mbali, sisi wazazi ndio wa kwanza kutafuta njia ya kuwarudisha mjini.

Wataalamu wa uzazi hufundisha kwamba mama mjamzito huangamizwa na machelewo matatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Lile la kwanza mara nyingi li nyumbani. Mama anatokwa damu, na watu wanamngoja mume arudi, au mama mkwe atoe neno. La pili ni barabara na nauli. Hapa pana habari njema. Mpango wa m-mama, uliotangazwa kwa nchi nzima mwaka 2022, umeweka namba 115 ambayo hupigwa bure. Anayepokea huuliza dalili, na kama hakuna gari la wagonjwa karibu, humtuma dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyeandikishwa, naye hulipwa kwa simu. Hivyo familia haikai ikitafuta fedha ya mafuta usiku. Utafiti wa Taifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ulikadiria 104. Mambo mengi yamechangia, lakini namba 115 ni vema iandikwe ukutani katika kila nyumba ya ndugu zetu kijijini.

Sasa tufike kwenye fedha, na hapa yatubidi tuseme wazi. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu 6 nje ya Dar es Salaam iliwekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Lakini sisi tulio mjini, tukipigiwa simu kwamba shangazi ni mgonjwa, huitika, “Mpelekeni hospitali, tutaongea.” Akifa, kikao huitwa jioni ile ile, daftari hufunguliwa, na kabla ya usiku wa manane fedha ya jeneza, basi na chakula imetimia. Kuwazika ndugu kwa heshima ni jambo jema, hatulipingi. Ila fedha ile ipo. Ilikuwapo hata shangazi alipokuwa hai.

Wale watu wanne wa Kapernaumu katika Marko sura ya pili walimbeba mwenzao angali hai, wakatoboa na dari.

Kwa mazungumzo katika vikundi vya nyumba kwa nyumba na Umoja wa Akina Mama: Kila mmoja ataje kijiji cha kwao na aseme zahanati iko umbali gani, na kama ina muuguzi. Nani katika ukoo wenu ana bima, na nani hana? Kikundi chaweza kuanzisha daftari la bima za wazee wa kijijini, kama lile la misiba? Na juu ya hawa wanaoshuka stendi alfajiri na barua za rufaa, je, kuna nyumba kati yetu zenye chumba cha kumlaza anayemsindikiza mgonjwa, kwa siku mbili tatu? Majibu apewe katibu wa parokia kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi.